Jina Lililomsubiri Kikorongo

"Sumaiya! Simama hapo katikati, mguu moja huku, mguu ingine kule!"

Consolée aligeuka kumtafuta huyo Sumaiya. Nyuma yake hakukuwa na mtu. Jamira, dada yake Abdunoor, alikuwa amemwelekezea yeye simu, tayari kumpiga picha kwenye mstari wa Ikweta pale Kikorongo.

"Sumaiya ni nani?"

"Si wewe, wifi! Maskini, bambi, umesahau jina yako?"

Mama yao, Mayimuna, alicheka huku akirekebisha hijabu. "Mwache azoee. Tangu Abdunoor aniambie umeomba kusilimu, nimewaambia wanawake wote wa msikitini. Jina nimechagua mimi mwenyewe."

Consolée alimtazama Abdunoor. Mwanamume alikuwa ameinama, anakagua tairi lisilo na kasoro yoyote.

Ilikuwa siku ya pili ya Idi. Abdunoor, ambaye kazi yake ni kuendesha watalii, safari hii alikuwa ameamua kuitembeza familia yake, na mchumba wake akaalikwa. Consolée alikuwa Mkatoliki wa Beni. Alikimbia vita, akavuka mpaka, na sasa anauza vitenge Bwera. Hakutaka kumwaibisha mzazi wa mtu kando ya barabara. Alisimama kwenye mstari, akapigwa picha bila kutabasamu, akarudi garini.

Walipofika Katwe, Mayimuna na Jamira walitangulia kwenda kuona ziwa la chumvi. Consolée na Abdunoor wakabaki kwenye mabaki ya ngome ya kikoloni, wao wawili tu.

"Ulimwambia mama yako nini?"

"Consolée, nisikilize kwanza..."

"Nimekuuliza."

"Nilisema umeomba kuwa Mwislamu. Niliogopa atakataa ndoa. Nilifikiri nitakuambia polepole."

"Na yaya Christophe? Kaka yangu ulimwapia nitaendelea na misa yangu."

"Nilimwapia, ndiyo."

"Kila mutu na maneno yake. Na mie hakuna mwenye aliniuliza."

"Nilifanya hivyo sababu nakupenda."

"Abdunoor, kule Beni niliacha nyumba. Niliacha kaburi ya baba. Vitu vyenye nilivuka navyo ni hii jina na ubatizo yangu. Weye ukaona ni kitu ya kugawa tu?"

Consolée aliteremka mpaka barabarani, akaomba nafasi kwenye lori la chumvi lililokuwa likienda Bwera. Hakumuaga mtu.

Simu ilianza kuita kabla lori halijafika mbali. Hakupokea. Zikafuata meseji.

"Consolée, pokea tafadhali."

"Nimekosa. Niambie nifanye nini."

Hiyo ya pili aliijibu: "Usinitafute mpaka mama yako na yaya wangu basikie ukweli kwa mudomo yako."

Meseji zikakoma. Aliuza vitenge vyake, akajibu wateja, akirudi nyumbani analia. Siku moja Christophe alimfuata sokoni.

"Yule mutu wako alikuja kwangu."

"Alisema nini?"

"Alisema alikuwa na maneno mbili, moja ya mama yake na moja ya sisi. Nikamufukuza." Christophe akakunja kitenge kilichokuwa kimekunjwa tayari. "Lakini alikuja mwenyewe. Hakutuma mutu."

Baada ya hapo ikaingia simu ya namba asiyoijua.

"Ni Mama Abdunoor. Nataka tuonane. Njoo Kilembe, kwenye daraja."

Consolée alikwenda akijiandaa kutukanwa. Mayimuna alimsalimia kwa mikono miwili, wakatembea kando ya mto Nyamwamba, njia wanayopita watalii wanaokwenda kupanda mlima.

"Baba yangu alichimba shaba humu," Mayimuna alisema akionyesha majengo ya mgodi yaliyojaa kutu. "Nilizaliwa kwenye zile nyumba. Nilibatizwa Rosalia."

"Mama, ulikuwa Mukristo?"

"Mkatoliki kama wewe. Baba yake Abdunoor alinioa hivyo hivyo. Nikazaa, bado nakwenda misa. Siku niliyotaka mwenyewe kusilimu, nilimwambia. Hakunisukuma hata siku moja." Akasimama kupumzika. "Ndiyo maana nilifurahi. Nilidhani na wewe umetaka mwenyewe. Abdunoor aliponiambia hata hukuulizwa, niliona haya. Nimerudi kwa wenzangu msikitini, nimewaambia ukweli."

"Na kama mie sitataka? Mpaka nakufa?"

Mayimuna aliyatazama tena majengo ya mgodi.

"Itaniuma. Sitakuficha. Lakini nitakuita Consolée."

Waliporudi, Abdunoor alikuwa amesimama darajani. Alikuwa amekonda. Mama yake aliwapita, akaenda kukaa garini.

"Sikuja kujitetea," Abdunoor alisema.

"Nikikusamehe, siku ingine ukiogopa mutu, utamwambia nini juu yangu?"

"Nitasema bado sijakuuliza."

Consolée alitaka kubaki na hasira yake, lakini kicheko kilimponyoka.

"Basi uniulize."

"Utakubali nikuoe, ukiwa Consolée, na misa yako?"

"Nitajibu kesho."

Kesho yake alimpigia simu asubuhi, kabla hata ya kufungua biashara. "Ndiyo," akasema, akakata.

Padri alilazimika kuomba ruhusa kwa askofu ili afungishe ndoa ya dini mbili, na ruhusa ilichelewa mpaka Christophe akaanza kunung'unika. Hatimaye ikaja. Nyumbani kwa Mayimuna sheikh aliwasomea dua, na Jumamosi iliyofuata wakaenda kanisani.

Mayimuna hakuingia. Alibaki nje ya geti na Jamira, amevaa gomesi mpya, akisema moyo wake haujafika huko. Christophe alipomwona amesimama juani, alitoka na kiti, akamwekea kivulini bila kusema neno.

Milango ilipofunguliwa, maharusi wakatokea. Watu wa ndani walikuwa bado wanajipanga kwa picha. Kigelegele cha kwanza kilitoka getini.