Kiu ya Ognyan

Birika lilikauka kabla halijachemka.

Radostina alikuwa amelijaza mwenyewe mpaka shingoni, akaliweka kwenye jiko la gesi mbele ya hema, akageuka kukata mkate na jibini. Alipogeuka tena, birika lilikuwa linanuka chuma kinachoungua. Ndani hamkuwa hata na unyevu.

"Limetoboka," alisema Plamen, mumewe, bila kuinua macho kutoka kwenye ramani.

"Lingetoboka lingezima moto."

"Basi umesahau kulijaza. Likizo ndiyo hiyo."

Plamen alikuwa mkaguzi wa maji wa hifadhi ile ya mlimani, na mkaguzi wa maji hapendi kuelezwa habari za maji na mkewe. Hata likizoni alitembea na kalamu mbili mfukoni. Safari hii walikuwa wamemwahidi binti yao, Vesela, wa miaka saba, tangu majira ya theluji: gari lao kuukuu la kulala, hema, barabara ya milimani kutoka kambi hadi kambi, na dubu, kama dubu mwenyewe angekubali kuonekana.

Jana yake walikuwa wamesimama kwenye kona ya bomba la Ognyan. Ognyan alikuwa dereva wa lori la magogo. Lori lilipinduka pale, likashika moto, naye akaomba maji mpaka sauti ikamwishia. Waliofika hawakuwa na maji. Mama yake akajenga ukuta wa mawe, akaelekeza chemchemi kwenye bomba, akabandika picha ya kauri ya mwanawe, kijana mwenye masharubu machanga, anacheka. Tangu hapo kila anayepita hunywa, kisha husema, "Mungu amsamehe Ognyan," na maji yale humfikia marehemu huko aliko. Ndivyo yafanyavyo kazi mabomba ya marehemu yote ya barabarani, na hakuna aliyewahi kuona haja ya kulipima jambo hilo.

Isipokuwa idara ya Plamen. Ilitoka amri kwamba maji yasiyopimwa yafungwe mpaka yapimwe. Mashine ya kupimia ilikuwa mbovu, na fundi wa kuitengeneza alisubiri saini ya bwana mmoja aliyekwisha kustaafu. Kwa hiyo, Pasaka ilipokaribia, Plamen akaziba mdomo wa bomba kwa saruji, akapigilia kibao: MAJI HAYAJAPIMWA. Jana alisimama ili akipige picha kibao chake. Aliweka buti juu ya hori la jiwe, akafunga kamba za kiatu.

"Mama yake alinijia ofisini analia," alimwambia Radostina. "Nikamwambia, bibi, marehemu hana namba ya mteja."

Alicheka peke yake. Vesela, kwa mazoea, alikuwa amekwisha kukinga chupa yake chini ya bomba. Halikutoka tone. Basi mtoto akaiinua chupa tupu mdomoni, akajifanya anameza, akasema kwa adabu kama alivyofundishwa, "Mungu amsamehe mjomba Ognyan."

Radostina alihisi baridi mgongoni, asijue kwa nini. Sasa, birika lililoungua likiwa mkononi, alianza kujua.

Kabla ya adhuhuri tangi la maji la gari lilikuwa tupu. Walinunua katoni ya maji kwenye kibanda cha wapanda mlima, na muuzaji akawatania, "Vipi, mmebeba ngamia?" Hawakuwa wamefika mbali Radostina aliposikia nyuma yake, gu, gu, gu, koo pana likimeza bila kupumzika. Vesela alikuwa amelala. Chupa zote zilikuwa tupu, na vifuniko vyake havijafunguliwa.

"Plamen, simamisha gari."

"Ni huko kiwandani," alisema Plamen, lakini kwa sauti ndogo. "Wamefunga chupa tupu. Nitaandika malalamiko."

"Hunusi?"

Alinusa. Mpira uliochomwa, dizeli, na chini yake nywele zilizoungua.

Vesela aliamka midomo imepasuka. Walimpa soda, wakampa maziwa ya mgando, akameza vyote, na ulimi wake ukazidi kuwa mweupe.

"Mama," alinong'ona, "nikimeza, mjomba anachukua."

"Mjomba gani, kipenzi changu?"

"Wa kwenye picha. Anasema nilimkaribisha."

"Geuza gari," alisema Radostina.

"Tunampeleka hospitali!"

"Hospitali iko njia hiyohiyo, Plamen. Geuza!"

Wakateremka jua likiwa bado juu, madirisha yote wazi na harufu haitoki, Radostina amempakata mtoto aliyekuwa analia bila chozi hata moja, akimfinya ngozi ya mkono na kuiona imebaki imesimama kama kitambaa, akihesabu kona kwa kuomba, huku nyuma, ndani ya tangi ambalo halikuwa na kitu, koo lile likiendelea kumeza, kumeza, kumeza, mpaka rejeta nayo ikakauka, mvuke ukafunika kioo, na gari likafia pale pale penye kibao.

Bibi mmoja aliyevaa nyeusi alikuwa anamimina dumu la maji ndani ya hori.

"Karibu, mkaguzi," alisema bila kugeuka.

"Bibi, mwanangu anakufa!" Radostina alipiga magoti.

"Wangu alikufa hapa hapa." Bibi alimtazama mtoto, na uso wake ukalegea kidogo. "Alisema maneno bila kunywa?"

"Chupa ilikuwa tupu."

"Alimwita mezani, na meza haina kitu. Naye ana kiu tangu Pasaka. Nabeba maji kutoka bondeni, lakini miguu hii siku nyingine inakataa. Fungueni bomba."

"Bila idhini ya kurugenzi..." Plamen alianza.

Radostina alikuwa ameshachukua spana ya magurudumu. Alipiga saruji mpaka ikapasuka. Yakatoka maji meusi, ya moto, yenye majivu. Kisha yakawa maangavu.

"Mtoto asitangulie," alisema bibi. "Anywe aliyefunga bomba."

Plamen akanywa. "Mungu amsamehe Ognyan."

"Wangu hana kosa. Taja jina lako."

"Maneno hayo hayasemwi kwa mtu aliye hai," alisema Radostina taratibu.

"Najua," alijibu bibi. "Akiyasema, mwanangu ataachia koo la mtoto."

Hakusema atakwenda koo gani. Na Plamen, ambaye maisha yake yote alisoma masharti madogo chini ya kila karatasi, alimtazama binti yake na hakuuliza.

"Mungu amsamehe Plamen," alisema.

Chozi likamdondoka Vesela, zito, lenye maji. Akanywa, akasema, "Baridi!" Baba yake alikuwa bado ameinama bombani, hanyanyuki.

Kipimo kilitoka mwaka uliofuata: maji ni safi kabisa. Vesela amenenepa, anaogelea kama samaki. Plamen hunywa ndoo kwa ndoo, na midomo yake imepasuka. Madaktari wamemwandikia apunguze chumvi. Radostina humkuta jikoni, mchana kweupe, amesimama kwenye sinki, gu, gu, gu. Humwona akishusha glasi, akifuta mdomo, akiufunga.

Na kumeza kunaendelea.