Akaunti ya Sista wa Wodi ya Tatu

Mke wa jirani yangu ni fundi wa kompyuta hospitalini, na wenzake humwita Bi Mitambo. Humtania kwamba mashine ikimwona tu, inapona. Jumatatu moja asubuhi alikuwa na kazi ndogo: kuwasha logi ya ukaguzi kwenye seva zinazohifadhi mafaili ya wagonjwa, ili kila anayefungua faili aandikwe jina na saa. Akaweka na tahadhari. Kukitokea hitilafu yoyote, simu yake iite.

Kisha akanywa chai, moyo kwatu. Mama yake mzazi alikuwa amelazwa ghorofani, wodi ya tatu, baada ya upasuaji, na jioni angeruhusiwa kwenda nyumbani.

Saa nne na nusu simu ikaita. Akaunti iliyofungwa ilikuwa imefungua faili la mzee wa kitanda cha pili, wodi ya tatu, ikakaa nalo dakika ishirini, ikalifunga. Jina la mwenye akaunti lilikuwa la sista wa wodi hiyohiyo, nesi mmoja mpole. Alikuwa amefariki miezi mitano iliyopita.

"Kuna mjanja anatumia nywila ya marehemu," Bi Mitambo alijisemea. Akaifuta akaunti kabisa, akahakikisha mara mbili.

Alipoinua macho, machela ilikuwa inapita mlangoni, imefunikwa shuka.

"Nani huyo?"

"Mzee wa kitanda cha pili," alijibu mhudumu aliyeisukuma. "Ametutoka sasa hivi."

Saa sita simu ikaita tena. Akaunti ileile aliyoifuta kwa mkono wake. Kitanda cha tano. Akamwita Mzee Kebo, fundi mwenzake aliyezeeka na nyaya za jengo lile. Mzee akasoma, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Imeingia kupitia kompyuta gani, mwanangu?"

"Hakuna, mzee. Hapo pako patupu."

Wakiwa wanatazama, mstari mpya ukajiandika: faili limefungwa. Juu yao, upande wa wodi, wakasikia miguu ya watu wanaokimbia.

"Yule sista hakupenda mgonjwa afe peke yake," Mzee Kebo akanong'ona. "Alikuwa anamshika mkono. Anahesabu mapigo mpaka la mwisho. Ndipo afunge faili."

Saa saba na dakika kumi, simu.

Alijua kabla hajasoma. Faili la mama yake.

Ngazi. Ghorofa ya kwanza. Ya pili. Pumzi hana.

Mama alikuwa amefumba macho, midomo myeupe. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umeinuka juu ya godoro. Haukushikwa na kitu. Haukushuka.

"Sista," Bi Mitambo alisema, na sauti ikatoka kidogo mno. "Nakuomba. Huyu bado."

Akaushika ule mkono, akauvuta. Ukavutwa upande wa pili. Polepole. Kwa upole, kama anavyovuta mtu aliyezoea wagonjwa.

Hakuachia. Ndipo alipopata sauti, akapiga yowe, manesi wakajaa chumbani. Daktari alisema mama alikuwa anavuja damu ndani kwa ndani, na kwamba dakika tano zaidi wangemkosa. Walimrudisha chumba cha upasuaji. Akapona.

Jioni ile Mzee Kebo aliizima logi bila kumuuliza mtu. "Mengine yasipoandikwa, binadamu analala," alisema.

Lakini mama aliporudi nyumbani, mwanawe alipomwogesha aliona alama tatu za vidole kwenye kifundo cha mkono wa kushoto, pale pale nesi anapopimia mapigo. Sabuni haikuzitoa. Nimeziona mwenyewe, nimezigusa; ni baridi, hata jua likiwaka.

Na kila siku, saa saba na dakika kumi, nyama ya pale hubonyea. Hubonyea, ikaachia. Hubonyea, ikaachia. Kama mtu anayehesabu.