Kaburi Tupu la Semati

Wafalme wakifa hawapendi kwenda peke yao. Sijui wanaogopa nini, watu ambao wametuogopesha sisi maisha yao yote. Lakini ndivyo ilivyokuwa katika mji wa Abju enzi hizo: mfalme akifumba macho, mpishi wake anamfuata, mfumaji wake anamfuata, hata mbwa wake wa kuwindia anamfuata, kila mmoja na kishimo chake cha matofali kando ya kaburi kubwa la bwana. Na majirani wanakuja nyumbani kwako kukupa hongera.

Hetepi, mpika pombe, alipewa hongera hizo. Binti yake Semati alikuwa mfumaji wa kitani kwa mfalme, na mfalme alipokufa jina lake lilitajwa kati ya watakaomfuata. Hetepi akatabasamu, akagawa mikate, akashukuru kila aliyekuja. Moyoni alikuwa amekwishakata shauri kwamba mtoto wake haendi popote.

Aliyemsaidia ni kaka yake, Penebu, fundi wa kufunga makaburi. Siku ya mazishi wafuasi wote walinyweshwa pombe iliyotiwa dawa. Semati aliibana yake mdomoni, akaitemea kwenye nguo, akajilaza kama wenzake. Watu walipotawanyika Penebu akamtoa, akafunika kishimo kitupu kwa magogo, akapanga matofali, akapiga lipu, na mbele yake akasimamisha jiwe lenye jina la Semati. Tangu hapo msichana aliishi nyuma ya mitungi mikubwa, katika banda la pombe la mama yake. Akikohoa, alikoholea ndani ya mto wa kulalia.

Mwezi ulikuwa haujaisha bado, Hetepi alipokwenda mtoni jioni moja kuteka maji.

Jioni ya kawaida tu. Vyura wanapiga kelele. Moshi wa jikoni unatambaa juu ya mashamba ya vitunguu. Aliinama akajaza mtungi, akajitwisha, akageuka arudi.

Vyura wakanyamaza.

Halafu harufu... Utomvu mzito, ule unaopakwa kwenye sanda. Harufu ya maziko, hapa mtoni, mahali ambapo watu wanafulia nguo.

"Mama Semati."

Aliijua sauti ile. Abju nzima iliijua. Ilikuwa sauti ya Jau, yule mtu mfupi aliyekuwa akimchezea mfalme ngoma, mwenye maneno ya kuvunja mbavu. Alikuwa swahiba wa Semati. Haikupita siku bila kuja bandani kudoea pombe na kumtania Hetepi kwamba atamwoa.

Jau naye alikuwa amemfuata mfalme. Kishimo chake kilipakana na kile cha Semati.

Mtungi ulimponyoka Hetepi, ukapasuka.

"Ona sasa, mchumba," sauti ikasema kutoka kwenye matete. "Nimekuja kukusalimia, unanivunjia vyombo."

"Jau..." Alirudi nyuma hatua moja. "Nenda zako. Ulipewa mikate yako. Ulipewa pombe yako."

"Nilipewa. Ila ile ya mwisho ilikuwa chungu, mama. Sijawahi kunywa pombe yako ikawa chungu vile."

Hetepi akaanza kulia kimyakimya. Pombe ile alikuwa ameipika yeye. Dawa walitia wengine, lakini alijua ni ya nini, na kati ya wote waliopewa alimwonya mmoja tu.

"Usilie. Sikuja kwa hilo," Jau akasema, na utani ukapungua sautini. "Nimekuja kwa ajili ya ukuta. Mimi na mwanao tumejengewa ukuta mmoja. Kwangu nipo. Kwake hakuna mtu. Baridi inapita, silali."

"Yeye... yeye yuko huko..."

"Mwongo wewe. Sikiliza. Jua likizama kwenu, kwetu ndiyo linachomoza. Bwana anaamka, anaita watu wake. Mpishi! Nipo. Mwenye mbwa! Nipo. Semati!... Kimya. Siku za kwanza nilimwitikia mimi, nikabana sauti kama mwanamwali. 'Nipo, bwana.' Wenzangu wakacheka. Yeye mwenyewe akacheka."

Matete yakatikisika. Upepo haukuwepo.

"Leo hakucheka, Mama Semati. Leo amemwita Mbwa."

Hakukuwa na haja ya kuuliza mbwa gani. Ni yule mweusi anayelinda lango la Magharibi, nchi ya wafu, mwenye kazi ya kuwarudisha wafu waliopotea njia. Watoto wa Abju wakikataa kulala huambiwa ananusa mlangoni.

"Atakuja lini?" Hetepi alinong'ona.

"Kesho, jua likigusa mlima. Anafuata jina. Jina likiitwa kule na mwenyewe yuko huku, anakuja kumchukua alipo."

"Nifanyeje? Jau, baba, nifanyeje?"

"Weka kitu kule cha kuitikia. Jina ulimpa wewe, na wewe ndiye unayeweza kulihamisha."

"Na wewe unapata nini?"

"Usingizi," Jau akasema.

Vyura wakaanza tena.

Penebu aliposimuliwa alishika kichwa. "Dada, huyu Jau alikuwa mwongo hata akiwa mzima! Umesahau alivyomwambia mpishi kwamba mfalme anataka supu ya mamba? Leo amekufa ndiyo tumwamini?"

"Kama ni uongo, tumepoteza udongo. Kama ni kweli na tukakaa tu..."

Penebu alimtazama mpwa wake, aliyekaa nyuma ya mitungi amekumbatia magoti, akaenda mwenyewe mtoni kuchimba udongo.

Walifinyanga kisanamu cha urefu wa mkono. Hetepi alichanganya udongo na unga wa shayiri, kwa maana alitaka kiwe na chakula mwilini kama mtu. Alikata nywele za Semati akazipachika kichwani. Alikata na kucha. Akakivika kipande cha nguo ambayo msichana alikuwa ameivaa siku ya mazishi, ingali na doa la ile pombe. Semati alikuwa akitazama yote hayo, na mwanzoni alikuwa akicheka, kwamba kisanamu kina pua ya mjomba. Baadaye akaacha kucheka.

"Mama, mkikiita hicho kwa jina langu, mimi nitaitwaje?"

"Utaitwa hivyo hivyo. Tunawadanganya tu, mwanangu."

"Wakigundua?"

"Nyamaza basi, nisije nikakosea macho."

Kesho yake jioni ndugu hao wawili walishika njia ya jangwani, Hetepi na kikapu cha mikate iliyofunika kisanamu, kaka yake na mwiko wake wa kujengea. Yeyote aliyewaona alidhani wanapeleka chakula cha wafu. Jua lilikuwa limekaribia ufa wa mlima, pale ambapo watu wa Abju husema ndipo wafu hupitia.

Penebu alitoboa pembe ya kaburi la Semati, tofali moja baada ya jingine. Lilipotoka la mwisho, upepo ulitoka ndani. Wa baridi, wenye harufu ya utomvu. Ulitoka tu, hauingii.

"Haraka," Penebu akasema. Alishusha kisanamu taratibu kwa kamba, hadi kamba ikalegea.

Hetepi alipiga magoti, akaweka mdomo kwenye tundu. Alisema yale maneno aliyoyasema siku mkunga alipomwekea mtoto kifuani, maana jina hupewa mtu kwa namna moja tu.

"Wewe ni Semati. Mimi mama yako ndiye niliyekuita hivyo. Hapa ndipo pako."

Jua likazama.

Kwanza hakikutokea kitu. Kisha, kutoka chini kabisa, upande wa kaburi kubwa, ukaja mngurumo. Haukuwa na maneno, lakini vifua vyao vilitetemeka kama ngozi za ngoma. Ukanyamaza. Ukaja tena. Kila ukinyamaza, sauti ndogo ilijibu mahali fulani mchangani. Moja hapa. Nyingine kule. Zilikuwa zikisogea.

Ikaja zamu ya kaburi lile.

"Nipo."

Ilikuwa sauti ya msichana, ya adabu, yenye kukwaruza kidogo mwishoni kama ya Semati. Udongo haujui kukwaruza hivyo. Nyuma yao mchanga ukalia, chap, chap, chap, mwendo wa miguu minne. Hawakuthubutu kugeuka. Kitu chenye pua baridi kilinusa kiganja cha Hetepi, kikanusa kikapu, kikakawia... halafu hatua zile zikaelekea mlimani.

Penebu alirudishia matofali huku machozi yakimtoka. "Tumeweza," alikuwa akisema. "Dada, tumeweza."

Hetepi alikimbia njia nzima. Akaingia bandani anahema.

"Semati!"

Msichana alikuwa amechutama kwenye meko, amempa mgongo, anakula mkate. Hakugeuka.

"Semati! We, Semati!"

Alitafuna, akameza, akamega tena. Mpaka Hetepi alipomgusa bega ndipo aliporuka kwa mshtuko. "Mama! Umeniogopesha. Mbona huiti kwanza?"

Hetepi alicheka, kwa sababu alitaka sana kucheka. Alimkumbatia. Mwili ulikuwa wa moto, wa mtu hai, unanukia moshi na shayiri. Hilo ndilo alilokuwa akilitaka, na analo mikononi. Basi.

Siku zikaenda. Asubuhi moja jirani aliingia ghafla bandani kuomba chachu, akamkuta msichana katikati ya chumba, peupe. Jirani yule alikuwa amemlea Semati mgongoni. Alimtazama usoni, akatabasamu.

"Umepata kijakazi, Hetepi? Mzuri huyu. Wa wapi?"

"Wa... wa kusini," Hetepi akasema.

Walipobaki wawili, msichana aliuliza polepole, "Mama, hakunijua?"

"Ni bahati hiyo. Sasa unaweza kutoka."

"Na wewe unanijua?"

"Swali gani hilo!" Hetepi alimfokea, akajutia papo hapo. Lakini usiku ule hakulala, alikesha akimtazama binti yake kwa mwanga wa makaa. Alijua kovu la gotini. Alijua sikio. Alijua kila kitu kimoja kimoja, na bado ilikuwa kama kutazama mtoto wa mtu mwingine aliyefanana na wake. Alijichukia kwa kuhisi hivyo.

Jau hakurudi tena. Hetepi alianza kuamini kwamba alitaka usingizi tu, na ameupata. Hadi jioni moja, jua likiwa linazama, mlango ulipogongwa.

Harufu iliingia kwanza, chini ya mbao.

"Jau," Hetepi akasema bila kusogea. "Nilifanya ulivyosema. Tuache."

"Jau amelala, mama. Ni mimi."

Hetepi akasimama.

"Fungua. Nimemkimbia Mbwa, hajaniona bado. Naitikia kila siku kama ulivyotaka, nimechoka. Kule ni giza, na nimelala juu ya mkono wangu, siwezi kugeuka." Sauti ikakwaruza mwishoni. "Uliniambia mnawadanganya tu. Kumbe uliyekuwa unamdanganya ni nani?"

"Wewe ni udongo," Hetepi alinong'ona. "Nilikufinyanga kwa mikono hii..."

"Uliniita mwanao. Mdomo wako ulikuwa kwenye tundu, nilikusikia. Mama, huyo aliyelala mahali pangu ni nani?"

Hetepi aligeuka. Msichana alikuwa ameketi juu ya mkeka, amejifunika shuka hadi kidevuni, macho yamemtoka.

"Usifungue," akasema. "Mama, tafadhali, usifungue."

Hetepi alitaka kumtuliza. Alitaka kumwambia nipo, usiogope, kama alivyomwambia tangu akiwa kichanga. Alifungua kinywa, akamwita jina lake.

"Semati..."

Msichana aliyekuwa mkekani hakutikisika. Alikuwa akimtazama mama yake, anangoja aambiwe neno, kana kwamba hakuna kilichosemwa.

"Abee, mama," akaitika yule wa nje.

Wakaanza kulia, wote wawili, mmoja mkekani na mmoja mlangoni. Hetepi alikijua kilio kile, hangeweza kukikosea hata katika umati. Alisimama katikati ya banda, mkono mmoja kwenye komeo, mwingine ameunyoosha kuelekea mkekani. Huko nje, mbali kidogo, mchanga ulianza kulia, chap, chap, na yule wa mlangoni akagonga kwa nguvu zaidi. Hetepi alisikiliza huyu, akasikiliza yule. Sauti zote mbili zilikuwa za mwanawe.