Mama Hayuko Nairobi

Kila jioni, mbuzi wakishaingia zizini, Evelyn alikaa kando ya barabara pale Oldonyo Sambu. Aliangalia mabasi yanayotoka Namanga, mpakani, njia ya Nairobi. Alikuwa na miaka tisa. Darasani hajibu swali. Chakula anakidonoa tu kama kuku.

Bibi yake, Kandida, alijua anamngoja nani. Agnela, binti yake na mama wa Evelyn, alikuwa akifuata mitumba Nairobi. Akaugua, akafia hospitalini mjini, akazikwa Momela kwa wakwe zake. Wazee wa ukoo wakakata shauri: mtoto aambiwe mama yuko Nairobi.

"Mtoto habebeshwi msiba," walisema.

Siku moja akaja dada mmoja, Hanna, na daftari lake.

"Shikamoo, bibi. Tunafanya utafiti kuhusu watoto wanaolelewa na bibi zao."

"Marahaba. Wa mwaka jana nao waliandika weee, wakatuachia vumbi la gari. Wewe umeleta unga?"

"Hapana, bibi. Nina maswali tu. Ukikataa, naondoka kwa amani."

Bibi akacheka. "Angalau wewe hudanganyi. Kaa."

Bibi akajibu yote mwenyewe. Evelyn anakula. Analala. Hana shida.

"Na Evelyn mwenyewe anasemaje?"

"Mtoto hasemi mbele ya mgeni. Kitendawili!"

"Tega."

"Nyumba yangu haina mlango."

"Yai."

"Ndiye huyo. Hata mimi sijui pa kuingilia."

"Basi tumwulize kama anapenda kuongea," alisema Hanna. "Tutakaa pale uwanjani. Utatuona, lakini hutatusikia. Siri yake sitaitoa bila ruhusa yake, labda nikiona yuko hatarini."

Evelyn akakubali. Waliongea kitambo. Kisha akarudi kwa mbuzi wake, na Hanna akaja peke yake.

"Bibi, ameniruhusu nikuambie jambo moja. Anasema mama yake alimkimbia kwa sababu alivunja kibuyu cha maziwa."

Bibi akashika kichwa. "Mungu wangu! Agnela amekufa, mwanangu. Tulimficha ili asiumie."

"Pole sana, bibi. Ameumia, tena peke yake. Mtoto asipoambiwa ukweli hujitungia wake, na mara nyingi hujitwika lawama. Aambiwe na mtu anayempenda, kwa maneno mepesi. Msiseme amesafiri, wala amelala. Mwacheni alie. Mwacheni aulize, hata mara kumi."

Efraimu, mjomba wa mtoto, aliposikia alikuja juu. "Mama, utamuua huyu mtoto!"

"Nilikuwa namuua kidogo kidogo," Bibi akamjibu.

Jumamosi wakaenda Momela, bibi na mjukuu. Mbele ya kaburi Bibi akapiga magoti.

"Evelyn, mama yako alikufa. Aliugua sana. Si kwa sababu ya kibuyu. Si kosa lako. Mimi nilikudanganya, unisamehe."

Evelyn alilia mpaka sauti ikakauka. Halafu akauliza, "Alinitaja?"

"Alikutaja mpaka siku ya mwisho."

Kesho yake aliuliza tena, na keshokutwa. Bibi hakuchoka kujibu. Polepole mtoto akaanza kula. Shuleni akaanza kunyoosha mkono.

Siku moja akarudi kutoka kisimani, akatua ndoo.

"Bibi, wenzangu wameniuliza mama yangu yuko wapi."

"Ukawajibuje, mama?"

"Nimewaambia amezikwa Momela. Na alikuwa ananipenda."