Soketi ya Mnara Mdogo

Kila Jumatano, siku ya mnada pale Mhunze, Elieth alifagia duka la mama yake, kisha akatoka nje kutazama kama taa ya kijani inawaka kwenye kisanduku kilichofungwa juu ya paa. Hiyo ndiyo kazi aliyokabidhiwa na fundi wa mitambo ya simu, Theonest: taa ikizimika, ampe taarifa. Mnara mkubwa wa kilimani ulihudumia vijiji vingi, na siku ya mnada haukuwamudu watu wote peke yake. Kisanduku kile, mnara mdogo, kiliupunguzia mzigo kwa kuwachukua watu wa mnadani.

Jumatano moja ya likizo, mama alikwenda kununua vitunguu. Elieth akabaki na rafiki yake Jenifa. Tamthilia ilikuwa inaanza, na soketi ya duka ni moja tu. Basi akachomoa waya wa mnara mdogo, akachomeka televisheni. Jenifa alipoingiwa na wasiwasi, Elieth alimwonyesha simu: vijiti vya mtandao vimejaa vyote. Kumbe kisanduku chenyewe ni pambo tu, akasema, wakacheka.

Alasiri, kule mnadani, fahali alikata kamba akampiga pembe pajani mzee mmoja wa kijijini, Mzee Masele. Damu ilimtoka vibaya. Watu wakapiga simu kuita gari la kituo cha afya, lakini vijiti vimejaa na simu haitoki. Mwishowe wakampakia kwenye pikipiki, huku kijana mmoja akilikandamiza jeraha kwa shati lake. Mganga wa kituo alisema wangechelewa kidogo tu wangempoteza.

Jioni wafanyabiashara walimzingira Theonest mbele ya duka, wakamwita mvivu na mla mshahara wa bure. Elieth alikuwa amekwisha kurudisha waya. Alisimama nyuma ya kaunta, akijifanya anapanga bidhaa, wala hakusema ukweli. Fundi akaondoka ameinamisha kichwa.

Usiku Elieth alisukuma sahani ya chakula kando. Akamweleza mama yote, akilia, hata lile la vijiti.

"Vijiti vinakuambia mnara uko karibu," mama alisema. "Havikuambii ni watu wangapi wanaugombania. Ungeuliza."

Asubuhi mama alimpeleka kwanza kwa Theonest kukiri na kuomba radhi, kisha kituo cha afya alikolazwa Mzee Masele. Elieth akapiga magoti kando ya kitanda.

"Shikamoo babu. Ni mimi niliyezima mnara. Nilitaka kutazama tamthilia. Fundi akatukanwa kwa kosa langu, nami nilikuwepo nikanyamaza."

Alitamani ardhi ipasuke immeze. Mzee Masele aliitikia marahaba.

"Damu yangu itarudi kwa chakula, mjukuu wangu," alisema. "Lakini fundi ametukanwa mbele ya watu, nawe ulikuwepo ukanyamaza. Ukikosea, sema mapema, kabla mwingine hajabeba kosa lako. Sasa nenda kwa wale waliomtukana, mmoja mmoja, uwaambie kama ulivyoniambia mimi."

Elieth akainuka. Mama hakumshika mkono; alimwacha aende peke yake. Alianza na muuza viatu, yule aliyetukana kwa sauti kubwa kuliko wote.