Ua la Piko Mkononi mwa Nahla

Asubuhi Mwanawema alilima mwani ufukweni Micheweni. Jioni alichora maharusi hina. Mkono wake haukutetemeka, na mwenyewe hakuona haya kulisema hilo.

Nahla, mtoto wa dada yake, alibakisha wiki tatu aolewe. Alitaka maua ya hina yazungushiwe piko nyeusi. Mwanawema akakoroga unga wa piko, akamchora ua moja nyuma ya mkono wa kulia, wapate kuona kama litapendeza.

"Mamdogo, laniwasha," alisema Nahla.

"Ndo lakolea hilo. Piko isiyowasha haishiki. Hata ile ya Idi ilikuwasha, kwani ulikufa?"

Siku ya pili mkono ulivimba. Siku ya tatu malengelenge yalitoka, yakalifuata ua lile jani kwa jani. Majirani wakasema ni hasadi. Mwanawema akampaka dawa ya meno apoe. Ndiyo kwanza Nahla akalia. Hapo Mwanawema aliogopa kweli. Je, mkono huu ukiharibika kabisa?

Alimshika Nahla, wakaenda kwa jirani yao Mardhiya, muuguzi wa kituo cha afya.

"Hodi, Bi Mardhiya!"

"Karibuni. Mbona umehamanika hivyo?"

Mwanawema alimweleza habari ya piko, hii na ile ya Idi. Mardhiya aliutazama mkono, akauosha taratibu kwa maji safi. Kisha akauliza, "Bi Mwanawema, ukikata kucha waumia?"

"Siumii."

"Na nywele je?"

"Siumii."

"Kwa sababu pale unapokata hapana uhai. Mwili umejengwa kwa vijichembe vidogo sana, vyaitwa seli. Za nywele na kucha zimeshakufa, zimekuwa ngumu. Ngozi si hivyo. Juu ina seli zilizokufa, na hina hukaa hapo. Chini yake seli ni hai. Nyengine huzaliwa kila siku na kupanda juu, ndiyo maana hina hufutika. Nyengine hutoa rangi ya mwili. Na nyengine ni walinzi."

"Walinzi wa nini?"

"Wa mwili. Piko hii ni dawa ya kutia nywele weusi. Ikipenya ngozini, walinzi hupeleka habari kuwa adui kaingia. Mwili ukishamjua adui huyo, haumsahau. Wakati wa Idi mwili ulimwasha Nahla tu. Sasa umepigana. Akipakwa tena, hata baada ya miaka kumi, utapigana zaidi."

"Basi si hasadi?"

"Si hasadi. Ni piko."

Mwanawema aliinamisha uso. "Kumbe ni mie niliyemuunguza mwanangu."

"Hukujua, dada yangu. Sasa wajua."

Kituoni daktari alimpa Nahla dawa ya kupaka. Mardhiya alimwonya asipasue malengelenge, na asipake kitu ambacho hakuandikiwa. Asitie tena dawa nyeusi hata kwenye nywele. Na akivimba uso au akishindwa kupumua, akimbizwe hospitali papo hapo.

Harusi ilipokaribia, Mwanawema alichuma majani ya mhina uani kwake. Aliyakausha, akayatwanga, akayachekecha, akayakoroga kwa maji na ndimu. Alimpaka Nahla tone moja ndani ya kiwiko, wakangoja siku mbili. Halikuwasha. Mkono wa kulia ulikuwa umeshapona, ila ua lilibaki jeupe kidogo.

"Hapo tupaache," alisema Mwanawema. "Seli za rangi nazo zina kazi yao."

Akamchora pengine pote, nyekundu tupu.

Siku ya harusi wanawake walinong'ona. "Bi harusi gani huyu hana piko?"

"Bi harusi mzima," alijibu Mwanawema kwa sauti.

Baada ya nikaha, bwana harusi, Suhaib, aliingizwa ndani kumpa mkono mkewe. Nahla alinyoosha mkono wa kulia. Suhaib aliushika sawasawa, wala Nahla hakushtuka. Vigelegele vikapasua nyumba.

Mwanawema alishindwa kupiga kigelegele. Machozi yalimtoka. Alimshika Mardhiya aliyekaa ubavuni pake.

"Mkono ule ulikuwa uharibike kwa ujinga wangu, Bi Mardhiya. Ahsante sana."

"Mshukuru Mungu, dada."

"Yeye nshamshukuru tangu alfajiri," alisema Mwanawema. "Sasa ni zamu yako."