Msiba wa Mjapani

Jumapili hiyo Ikupa alirudi kutoka kanisani, mtoto mgongoni, akakuta medali za mumewe zinachuruzika maji. Ilikuwa Julai ya mwaka 1955, na Iyunga haikuwa imeonja tone la mvua tangu Mei. Aliinua macho kwenye bati, lilikuwa kavu. Akagusa ubao ulioning'inia ukutani. Maji yale yalikuwa ya vuguvugu, yananuka tope na majani yaliyooza. Medali nane zilitazama chumbani kama kawaida. Ya tisa, ile ya ndege, ilikuwa imegeukia ukuta.

"Baba Lea, umeziosha? Na hii ya ndege, nani kaigeuza?"

"Nilizisugua jana kwa majivu na limau," Kalinga akajibu kutoka uani. "Igeuze hiyo, usinichoshe."

Kalinga alikuwa Mhehe wa Kalenga, fundi wa malori, na mtu mwema kabisa ukimtoa kwenye ubao wake. Wanaume wengine walipenda ng'ombe, wengine wake za watu. Yeye alipenda medali za Wajapani. Alikuwa Keya, askari wa jeshi la Mwingereza, akapigana nao Bama mwaka arobaini na nne, na kila askari mwenzake aliyerudi na kitu cha adui alijua wa kumpelekea. Aliifuata Chimala ile yenye majani matatu ya fedha na utepe mweupe wa pindo nyekundu, akaiacha huko saa yake ya mkononi. Nyingine, ya vita vya kale vya Wajapani na Warusi, aliifuata hadi Idodi, akarudi anatetemeka, hana koti. Majirani walimcheka, naye akacheka nao.

Ya ndege peke yake hakubadilishana na mtu. Ndege yule wa shaba alitandaza mabawa juu ya bendera mbili zilizopishana, na Kalinga alimvua mtu kifuani huko Bama, ng'ambo ya mto Chindwin, baada ya kumchoma singe.

"Alizikwa?" Ikupa aliwahi kumuuliza.

"Vitani nani anamzika nani? Kufa kufaana, mke wangu."

Jumatatu mchana ukungu ulishuka milimani mpaka jirani hakumwona jirani. Ikupa alikuwa jikoni aliposikia medali zinagongana, taratibu, kama mtu anayetembea amezivaa. Alipoingia chumbani harufu ya tope ilimkaba. Sakafuni palikuwa na nyayo mbichi, zimepasuka mbele kama kwato, zimetoka ukutani zikaelekea mlangoni.

"Jini," akanong'ona Kalinga alipoitwa. Kisha akainama, akazitazama vizuri. "Hapana. Hivi ni viatu vya Wajapani. Vilikuwa vinatenga kidole gumba."

Nyayo ziliwapeleka mpaka kwenye banda la mbuzi. Komeo lilikuwa limefungwa kwa nje. Ndani, mbuzi wote watano walilala katika damu yao, kila mmoja na tundu moja chini ya koo, na hakuna aliyekuwa amelia hata mara moja. Kalinga alitia kidole kwenye tundu, akakitoa. Lilikuwa tundu la singe.

"Zitoe nyumbani kwangu," Ikupa alisema kwa sauti ya chini. "Zote. Leo hii."

"Nizitoe, halafu mimi nibaki na nini?"

Alhamisi alikuja Mika, mdogo wake Ikupa, kutoka Tukuyu, na mkungu wa ndizi begani. Kalinga alikuwa ameketi chini ya ubao anamsugua ndege wake. Mika alipobisha hodi, shemeji yake alisimama wima kama yuko gwaride, visigino pamoja, akatamka maneno ambayo Ikupa hakuwahi kuyasikia katika lugha yoyote ya Mungu, akauokota mtaimbo wa kazini pembeni ya mlango, akamwendea Mika bila haraka huku maji ya tope yakimtoka kwenye mikono ya shati, na Mika akidhani ni mzaha akacheka na kumnyooshea ndizi, na mtaimbo ukamwingia pajani ukatokea upande wa pili ukamgongomea mlangoni, na Kalinga akauchomoa ili amalizie shingoni, na hapo ndipo Ikupa, Lea akipiga kelele mgongoni, alipounyakua mchi wa kinu akampiga mumewe kisogoni kwa nguvu zote alizopewa na mama yake.

Mika alipelekwa hospitali akiwa hai. Kalinga alifungwa kwenye nguzo kwa kamba ya lori. Jirani mmoja aliyesaidia, baada ya kung'atwa kidole nusura kikatike, alisema mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Ikupa hakuwa na nafasi ya kumjibu. Alimtaka mumewe arudi katika ule mwili, basi, kabla haujaua mtu.

Jumamosi, kwa lori la Iringa, aliwasili Apolonia, shangazi yake Kalinga, aliyepelekewa habari: mwembamba, rozari shingoni, usinga mkononi, na mdomo usio na kifuniko.

"Kamwene," alimsalimu Kalinga kwa Kihehe. Akatemewa mate. Akajifuta. "Basi si wewe."

Aliutazama ubao. "Kati ya hawa, yupi alimuua kwa mkono wake?"

"Wa ndege," Ikupa akajibu. "Hizo nyingine alibadilishana na wenzake."

"Watu wa pwani wangemwita jini, wangemfukizia ubani. Huyu ni mfu ambaye hajaliliwa. Sisi Wahehe tumekaa zaidi ya miaka hamsini kichwa cha mtemi wetu kiko Ulaya. Mwaka jana tu ndiyo kimerudi. Najua mtu anavyotaabika kipande chake kikiwekwa kwa wageni. Kata mgomba, tumzike. Na wewe utamlilia."

"Mimi? Amemtoboa mdogo wangu!"

"Nyie Wanyakyusa ndio mnaojua kulia. Utamlilia kama wako, au mumeo hatumpati tena."

Alasiri, ukungu ukiwa mzito, walichimba kaburi nyuma ya nyumba. Walilaza humo kipande cha mgomba chenye urefu wa mtu, wakakifunika blanketi la jeshi, wakaibandika medali ya ndege kifuani pake. Ikupa akafungua kinywa. Hakikutoka kitu. Aliona paja la Mika tu. Nyuma yake kamba ya lori ikakatika kwa mlio mmoja, na Kalinga akaja mbio, akamrukia shangazi yake, akamkaba koo mpaka miguu ya yule mama ikaacha ardhi.

"Lia," Apolonia alikoroma, damu ikimtoka puani. "Lia, mwanangu!"

Lea akaanza kulia mgongoni. Ikupa alihisi yale magoti madogo yakimpiga mbavuni, na wazo likamjia lisiloitwa: huyu Mjapani naye alibebwa. Kuna mwanamke alimfunga mgongoni hivi hivi, na pengine mpaka leo anatazama njia. Hapo uchungu ukampasua. Alijitupa kwenye udongo, akapiga ukunga uliosikika mpaka barabara kuu. "Mwanangu! Mwanangu wee! Nani alikuacha mvuani!"

Mikono ya Kalinga ikalegea.

Kaburi lilipofukiwa alikuwa ameketi chini, anawatazama kwa macho yake mwenyewe. "Ikupa," alisema, "nina njaa."

"Ndaga, shangazi, ndaga," Ikupa alirudia shukrani ya kwao, akicheka na kulia. Akawapikia. Nyumba ilinuka moshi na maharage tu, harufu za heri. Kalinga alikata tonge la kwanza, akalichovya.

Ukutani medali nane zikagongana.

Apolonia aliacha kutafuna. Ikupa alifungua mlango. Katika ukungu, kutoka barabarani mpaka kizingitini, zilikuwa zimesimama nyayo mbichi zilizopasuka, jozi nane, moja nyuma ya nyingine, zimeelekea ndani. Hazikuwa na fujo. Zilikuwa kwenye foleni.

"Wamesikia kuna nyumba inayolia," alinong'ona Apolonia.

Nyuma yao tonge lilianguka sahanini, na Kalinga akasimama wima, visigino pamoja.

Ikupa alimkaza Lea mgongoni, akachukua panga. Nyuma ya nyumba ilibaki migomba mitatu, kwa wafu wanane. Alianza kulia kabla hajaufikia wa kwanza.